Kompyuta ya Zamani Uiwekee Mfumo Gani? Namna ya Kuchagua, Kujaribu na Kusakinisha

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, na huenda yako bado inawaka kama kawaida. Ila tangu hapo, kwa asiyejiandikisha kupata masasisho ya ziada, kila tundu jipya linalogunduliwa kwenye mfumo huo linaachwa wazi, na wanaotafuta matundu hayo hawalali. Windows 7 yenyewe iliachwa Januari 2020, na Chrome ya mwisho inayokubali kukaa humo ni toleo la 109 la mwaka 2023.

Tatizo ni kwamba laptopu nyingi tunazonunua huku ni za mtumba: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, zilizomaliza miaka yake maofisini ng'ambo kabla ya kufika Kariakoo au Luthuli Avenue. Nyingi hazina sifa za Windows 11. Ukimpelekea fundi, jibu linajulikana: "Acha nikupigie Windows." Anachokupigia mara nyingi ni nakala iliyovunjwa leseni, ikiwa na kiprogramu cha kuidanganya Microsoft, na antivairasi imezimwa ili kiprogramu hicho kipite. Umelipa ili mlango wako uachwe wazi.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kwa kompyuta nyingi zilizotengenezwa kati ya 2008 na 2017, weka Linux Mint, toleo la Xfce. Linux ni mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows, na Mint ni mojawapo ya aina zake. Zipo ambazo haziifai, na zipo kazi zinazokulazimisha ubaki Windows. Kabla ya kupakua chochote, anza na kazi.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi, usianze na mashine

Chukua karatasi uandike unachokifanya kweli kwenye kompyuta hiyo kwa wiki nzima, siyo unachopanga kukifanya siku moja.

Mwanafunzi wa chuo ataandika: kuchapa kazi za darasani, kusoma PDF, WhatsApp Web, YouTube, kuomba mkopo HESLB. Anayetafuta kazi ataongeza Ajira Portal. Aliyeko Kenya, eCitizen. Karibu yote hayo yanafanyika ndani ya kivinjari, na kivinjari hakijali kimekaa juu ya mfumo gani. Kuchapa kunamalizwa na LibreOffice, ambayo huja pamoja na Linux nyingi bila malipo. Mtu huyu hana kinachomfunga.

Mwenye steshenari ana hesabu nyingine kabisa. Ana printa, skana, picha za pasipoti, na wateja wanaoleta faili za Word zilizopangwa kwa jedwali ndani ya jedwali. Huyu aangalie printa kwanza. Epson za matangi ya wino kwa kawaida hazisumbui kwenye Linux. HP LaserJet P1102, ambayo imejaa kwenye vibanda vyetu, inafanya kazi, lakini inadai kipande cha ziada cha programu ya HP kinachopakuliwa mara moja kwa intaneti. Usipokijua utadhani printa imekufa. Baadhi ya Canon ndogo za leza zinataka ukachukue dereva, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kuongea na kifaa, kwenye tovuti ya Canon yenyewe. Hakuna gumu hapo, ila usilifanye Jumatatu asubuhi wateja wakiwa wamepanga foleni.

Kisha kuna programu zisizo na mbadala wa kweli. Kama riziki yako iko kwenye AutoCAD, Photoshop, Tally au QuickBooks ya kusakinisha, usihamie Linux kwenye mashine hiyo. Utaambiwa kuna Wine, programu inayoendesha vitu vya Windows ndani ya Linux. Ipo, na kwa vitu vidogo inasaidia, lakini si kitu cha kuwekea hesabu za duka. Mkenya anayejaza ritani ya kodi kwa faili la Excel lenye makro naye ajaribu faili hilo kwenye LibreOffice kabla hajafuta Windows; asisubiri wiki ya mwisho ya Juni.

Hatua ya 2: Jua kilichomo ndani

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Unatafuta vitu viwili: prosesa, ambayo ni ubongo wa kompyuta, na RAM, ambayo ni kumbukumbu yake ya kufanyia kazi.

Prosesa za Intel zinasomeka hivi. Ukiona i5-2520M, tarakimu ni nne na ya kwanza ni 2, kwa hiyo ni kizazi cha pili, cha mwaka 2011. i5-8250U ni kizazi cha nane. i5-10210U ina tarakimu tano, hivyo ni cha kumi. Ikiwa na tatu tu, kama i5-520M, ni kizazi cha kwanza. Windows 11 inataka kuanzia kizazi cha nane, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64. Muuzaji akikuambia "hii ni i7 kaka, ni kali," muulize i7 ya kizazi gani. i7 ya 2011 inaweza kuachwa nyuma na i3 ya 2019.

Jambo jingine la prosesa ni biti, yaani upana wa data inayoishughulikia kwa mara moja: 32 au 64. Hapa watu wengi wanapotea, kwa sababu wanaangalia Windows iliyomo badala ya prosesa. Mafundi wengi waliweka Windows ya biti 32 kwenye mashine za biti 64, hasa zenye RAM ndogo. Kwa hiyo puuza kinachosemwa na Windows, soma jina la prosesa. Core 2 Duo na zote zenye i3, i5 au i7 ni za biti 64. Zilizobaki na biti 32 ni kama Pentium M, Core Duo isiyo na ile 2 katikati, na vile vilaptopu vidogo vya 2008 na 2009 vyenye Atom N270 au N280.

RAM isome tu: GB 1, 2, 4 au 8.

Hatua ya 3: Kabla ya mfumo, fikiria diski

Niseme kitu ambacho wapenda Linux huwa hawapendi kukisema. Kinachoifanya laptopu ya 2012 igande kwa dakika tatu ukiiwasha si Windows peke yake, ni ile diski ya kuzunguka. Toa hiyo, weka SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya inchi 2.5, hata ya GB 120 au 128, na mashine ileile itashangaza watu wa nyumbani. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua SSD. Ukiwa na ya viwili, ongeza RAM ifike GB 8, lakini kwanza hakikisha aina: laptopu za 2011 hadi 2014 kwa kawaida zinatumia DDR3, na za 2008 kurudi nyuma nyingi ni DDR2, ambayo haiingii kwenye nafasi ya DDR3 hata ukisukuma. Baadhi ya mashine zinataka DDR3L, ya volti ndogo. Chomoa kipande kilichomo, nenda nacho dukani.

Kubadilisha diski kwenye Latitude au ThinkPad ya miaka hiyo ni kazi ya bisibisi na skrubu chache. Na kuna faida ambayo ni kubwa kuliko kasi: diski ya zamani inatoka na Windows yake nzima, picha zako na programu zako. Iweke kabatini. Mfumo mpya usipokupendeza, unairudisha na maisha yanaendelea. Ukinunua na waya wa USB wa kuunganishia diski, unaweza kuhamisha faili zako kidogo kidogo bila haraka.

Usipobadilisha diski, nakili faili zako zote nje kabla ya jambo lolote. Usinakili folda ya Documents tu ukaridhika. Wengi wetu vitu vyetu viko Desktop na Downloads.

Hatua ya 4: Chagua

RAM ya GB 4 au zaidi, prosesa ya biti 64. Linux Mint Xfce. Mint 22 ilitoka Julai 2024 na itaendelea kusasishwa hadi 2029. Ina menyu kushoto chini na saa kulia chini, kwa hiyo mtu aliyezoea Windows 7 hahitaji kufundishwa kutembea upya. Kuna matoleo matatu, Cinnamon, MATE na Xfce, na Xfce ndiyo nyepesi kuliko zote. Cinnamon inavutia zaidi; ukiwa na GB 8 na SSD, ichukue bila wasiwasi.

GB 2, biti 64. Mint yenyewe inasema inaweza kukaa kwenye GB 2, na kweli itakaa, lakini ukifungua YouTube na kurasa nyingine tatu, itaanza kuhema. Hapa mimi naweka antiX, Linux nyingine iliyo nyepesi zaidi. Si nzuri kwa macho na menyu zake zimejaa vitu, ila inabakiza RAM nyingi kwa ajili ya kazi yako. Mfumo wowote utakaoweka, kurasa za leo za intaneti zenyewe ni nzito, na hakuna Linux inayoweza kuzipunguza uzito. Kama mashine inakubali kuongezwa RAM hadi GB 4, ongeza, urudi kwenye aya iliyotangulia.

Biti 32. Njia imebaki nyembamba. Debian 13, Linux ambayo nyingine nyingi hujengwa juu yake, iliyotoka Agosti 2025, haitoi tena kisakinishi cha mashine hizi, na Firefox nayo imeacha kutengeneza matoleo mapya ya Linux ya biti 32. antiX 23, iliyojengwa juu ya Debian 12, bado ina toleo la biti 32. Iweke, kisha uipe mashine hiyo kazi za ukubwa wake: kuchapa, kusoma PDF, muziki, mtoto kujifunza kibodi. Benki na barua pepe usizifungulie humo.

Intaneti muda wote, kila kitu Google Docs, RAM GB 4. Kuna ChromeOS Flex ya Google, ya bure. Ni nyepesi na haihitaji fundi. Haina Play Store, na bando likikata haina mengi ya kukupa. Kwa shule yenye WiFi inafaa. Kwa mtu wa bando la siku siipendekezi.

Lazima ubaki Windows. Ikiwa Windows 10 yako ni halali na iko kwenye toleo la 22H2, Microsoft imefungua mpango wa masasisho ya usalama ya ziada hadi Oktoba 2026. Fungua Settings, nenda Windows Update, utafute kiungo cha kujiandikisha. Unahitaji akaunti ya Microsoft. Gharama yake ni dola 30, lakini kuna njia isiyo na malipo ya kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo. Tumia muda huo kutafuta mashine ya kizazi cha nane.

Kulazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyostahili kunawezekana, na video za kuonyesha hivyo zimejaa. Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine hizo. Na kwenye Core 2 Duo hakuna ujanja kabisa: kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 inahitaji amri ambazo prosesa hizo hazina, kwa hiyo haiwaki.

Hatua ya 5: Tengeneza flashi

Unahitaji flashi ya GB 8 ambayo uko tayari ifutwe yote. Faili la Mint ni karibu GB 3, kwa hiyo lipakue usiku kwa bando la usiku, au mahali penye WiFi. Lichukue kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe. Likishafika, hakikisha halikuharibika njiani: fungua dirisha la amri la Windows kwenye folda hiyo, andika certutil -hashfile, acha nafasi, jina la faili, acha nafasi, SHA256. Linganisha herufi zitakazotokea na zile za kwenye tovuti. Kwa mitandao yetu inayokatika katikati, dakika hiyo moja itakuokolea jioni nzima ya kulaumu flashi.

Kisha tumia Rufus, programu ndogo ya bure, kuandika faili kwenye flashi. Kama unafanyia kazi hii kwenye Windows 7, chukua Rufus 3.22, maana matoleo ya baadaye hayafunguki humo. Kwa mashine ya kabla ya 2012, kwenye sehemu ya mpangilio wa diski chagua MBR.

Hatua ya 6: Jaribu bila kusakinisha

Zima laptopu, chomeka flashi, iwashe huku ukibonyeza-bonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia: F12 kwa Dell, Lenovo na Toshiba, F9 kwa HP. Acer nyingi nazo ni F12, ila kwanza uingie kwenye mipangilio kwa F2 ukaifungulie menyu hiyo. Chagua flashi, kisha "Start Linux Mint". Skrini ikibaki nyeusi, rudia na uchague ile yenye maneno "compatibility mode".

Mfumo mzima utafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Utakuwa mzito kidogo, hilo ni la flashi. Usiishie kushangaa picha ya nyuma. Unganisha WiFi. Cheza video, usikilize sauti. Ongeza na punguza mwanga wa skrini kwa vitufe vyake. Funika laptopu ilale, kisha ifunue uone kama inaamka. Chomeka printa uchape ukurasa mmoja. Chomeka na modemu kama unaitumia.

WiFi ndiyo inayosumbua zaidi, hasa kwenye mashine zenye chipu ya Broadcom, na ziko nyingi kati ya Dell na HP za zamani. Usikate tamaa hapo. Chukua simu yako ya Android, iunganishe kwa waya wa USB, washa ushirikishaji wa intaneti kwa USB kwenye simu, na kompyuta itapata mtandao papo hapo. Halafu fungua Driver Manager, nayo itakuonyesha dereva wa kuweka.

Kwenye vilaptopu vidogo skrini ni fupi, na vitufe vya chini vya dirisha hujificha. Shikilia Alt, kisha buruta dirisha kwa kipanya.

Hatua ya 7: Sakinisha

Laptopu iwe kwenye chaji, kwa sababu betri za mtumba hazina adabu. Na kama umeme wa mtaani kwenu ni wa kubahatisha na betri imekufa kabisa, chagua saa ambayo haukatiki.

Bofya "Install Linux Mint" kwenye skrini. Maswali ni machache. Likifika la diski, ndipo usome mara mbili. "Erase disk" inafuta kila kitu: sawa kwa SSD mpya, msiba kwa diski ambayo hukuinakili. "Install alongside" inaiacha Windows na kugawana nayo nafasi, nawe utachagua mfumo kila unapowasha. Kugawana kunafaa kwa mwenye diski ya GB 250 kwenda juu. Kwenye GB 120 zote mbili zitabanana, na ndani ya miezi michache utakuwa unafuta picha ili usasishe mfumo. Nenosiri utakaloweka liandike mahali, kwa sababu utaombwa kila unapoongeza programu.

Hatua ya 8: Siku za mwanzo

Fungua Update Manager ukiwa na mtandao wa kutosha, maana sasisho la kwanza linaweza kula megabaiti mia kadhaa. Baada ya hapo Mint haipakui masasisho bila ruhusa yako, jambo ambalo mtu aliyewahi kuliwa bando zima na Windows usiku mmoja atalithamini.

LibreOffice irekebishe mapema. Ingia Tools, Options, Load/Save, General, uifanye ihifadhi kwa muundo wa Word kila mara, la sivyo utamtumia mhadhiri faili la .odt naye akurudishie akisema halifunguki. Sakinisha pia ttf-mscorefonts-installer ili upate Times New Roman na Arial zenyewe. Calibri haimo, lakini fonti ya bure iitwayo Carlito ina upana uleule wa herufi, kwa hiyo mistari haihami. CV na barua za maombi usizipeleke kuchapwa zikiwa za Word. Zigeuze PDF kwanza, na zitatoka kwenye printa ya mtu kama ulivyoziona nyumbani.

Flashi ikirudi kutoka steshenari ikiwa imejaa shotikati na folda zako hazionekani, ichomeke kwenye Linux. Virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows, na faili ambazo Windows inaambiwa izifiche, hapa zinaonekana wazi. Mara nyingi zimesukumwa ndani ya folda isiyo na jina. Zinakili ziingie kwenye kompyuta, ziache shotikati na faili zozote za .exe, .vbs au .js ambazo hukuziweka wewe, kisha uifomati flashi kabla ya kumwazima mtu.